Nyumba ya Zamani: Nani Aliijenga, Nani Anaiuza?



Mtu akitembea leo katika Bukavu, kwenye njia za Ibanda zinazofuata ziwa Kivu, ataona bado nyumba ambazo hazifanani na majumba mapya ya orofa. Kuta zake ni nene. Pembe zake nyingine zimeviringwa kama ubavu wa meli. Mbele kuna baraza, na juu ya paa kuna dohani ya moshi, kwa maana Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na usiku baridi hushika. Akipanda Kadutu au Bagira, ataona nyumba za namna nyingine: ndogo, za matofali, zimepangwa mistari kwa mistari kama watoto wa shule, nazo zilifanana zote siku zilipozaliwa.

Nyumba hizi, kubwa na ndogo, zinauzwa kila mwaka. Nao wanaozitamani ni mara nyingi jamaa changa: baba ni mwalimu au mganga wa hospitali, mama anauza vitambaa sokoni, wamepanga miaka kumi katika vyumba viwili vya mtu mwingine, wakaweka akiba katika likelemba. Wanasema: «Kujenga mpya ni ghali, simenti ni ghali, na kiwanja tupu hakipatikani ila mbali. Bora tununue nyumba ya zamani. Ina kuta za kweli, ina mparachichi uani, nayo imesimama tangu enzi za babu zetu.»

Mawazo yao si mabaya. Lakini twapenda kuwaambia neno moja kabla hawajatoa fedha. Nyumba ya zamani haiuzwi peke yake, inauzwa pamoja na historia yake. Asiyeuliza historia ile, hakununua nyumba, amenunua kesi. Basi tuitazame historia hiyo pamoja.

Ardhi ya nani?

Tuanze chini, penye udongo. Tarehe 1 Julai 1885, Serikali ya Mfalme Leopold wa Pili ilitangaza kwamba ardhi yote iliyo tupu ni mali ya Serikali. Lakini ilikuwa tupu kweli? Shamba lililopumzishwa miaka mitatu, malisho ya ng'ombe, msitu wa kuokota kuni: vyote hivyo vilikuwa na wenyewe kwa desturi, ila havikuwa na karatasi. Tangu siku ile karatasi ikaanza kushinda jembe.

Karatasi hiyo ilitoka mbali. Mwaka 1858, katika Australia ya Kusini, bwana mmoja jina lake Robert Torrens alileta utaratibu mpya: mauzo ya kiwanja hayathibitiki kwa maneno ya muuzaji, bali kwa kuandikwa katika kitabu kimoja cha Serikali. Aliyeandikwa katika kitabu ndiye mwenyewe. Serikali ya Kongo iliufuata utaratibu ule tangu nyakati za Leopold, nao ungali nasi hata leo. Hati inayotoka katika kitabu hicho makarani huiita sertifika ya kuandikisha.

Mji wetu ulikua juu ya msingi huo. Mwaka 1927 Wabeleji waliuita Costermansville, kwa heshima ya mkubwa wao mmoja. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ukarudishiwa jina lake la Bukavu. Katika miaka ya 1930 na 1940 na 1950 wakajenga juu ya zile rasi zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono. Walifuata mtindo uliovuma Ulaya baada ya maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1925: mistari iliyonyoka, pembe za mviringo, madirisha mapana. Nyuma ya kila nyumba kubwa kulikuwa na kijumba cha boyi na cha mpishi. Matofali yalichomwa na watu wetu, mawe yalibebwa na watu wetu, milango ilirandwa na maseremala wetu. Lakini jioni ilipofika, fundi alipanda kulala Kadutu. Ibanda ilikuwa ya Wazungu.

Na kule Kadutu, je, fundi alikuwa na nyumba yake? Alikuwa na kuta, ndiyo. Alipewa kiwanja akae, ajenge. Lakini udongo chini ya kuta haukuwa wake, naye hakuandikwa katika kile kitabu kikubwa.

Wanunuzi wa kwanza

Baada ya vita ya 1940 hadi 1945 miji ilijaa watu. Ndipo Serikali ya Kibeleji ikaanzisha mpango wa miaka kumi, na tarehe 30 Machi 1952 ikaunda ofisi ya kujenga nyumba za watu weusi mijini, ile iliyojulikana kwa herufi tatu, OCA. Ofisi hiyo ilijenga Léopoldville, Élisabethville, Bukavu, hata Usumbura katika Urundi. Mpaka uhuru, mwaka 1960, ilikuwa imesimamisha nyumba karibu 40,000. Kwetu ilijenga Kadutu na Bagira. Wazee wengine hata leo huzitaja nyumba zile kwa jina la OCA, kana kwamba ni jina la jamaa.

Mwaka 1953 amri mpya ilimfungulia Mkongo mlango wa kumiliki kiwanja na nyumba kama mtu binafsi. Baada ya safari ya Mfalme Baudouin katika Kongo, mwaka 1955, ukaundwa pia Mfuko wa Mfalme, wa kuwasaidia watu wa mshahara mdogo kupata makao.

Hapo ndipo tunapowakuta wanunuzi wa kwanza wa nyumba katika miji yetu. Karani, mwalimu, dereva, mwashi: walilipa kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, kwa miaka mingi. Kila risiti ilitunzwa katika sanduku la chuma chini ya kitanda. Wasomaji ambao babu zao walikaa Bagira wanalijua sanduku lile. Wengine walimaliza kulipa. Wengine walikatwa katikati na machafuko ya mwaka 1960, wala hapakuwa na mtu tena wa kupokea fedha. Tofauti hiyo ya kumaliza au kutomaliza, mjukuu anayeuza leo mara nyingi haijui. Lakini mnunuzi inampasa aiulize.

Nyumba zilipobadili mikono

Tangu mwaka 1960 nyumba za Bukavu zimepita katika mikono mingi, na si kila mkono uliopokea ufunguo ulipokea pia karatasi.

Wabeleji wengi waliondoka kwa haraka. Mmoja alimwachia mpishi wake ufunguo, akisema atarudi. Mwingine aliuza kwa mkono, bila kwenda ofisini. Tarehe 7 Juni 1966 ikatoka ile sheria ya Bakajika, kwamba Serikali ya Kongo inatwaa tena haki zote za ardhi zilizotolewa mbele ya uhuru. Mwaka uliofuata, toka Agosti hadi mwanzo wa Novemba 1967, askari wa kukodiwa walioongozwa na Jean Schramme waliushika mji, na mapigano yakaubomoa vibaya. Watu walikimbia, waliporudi, wengine walikuta paa tu, na wengine hata paa hawakulikuta.

Kisha mwaka 1973 ulileta mambo mawili. Tarehe 20 Julai ilitoka sheria kubwa ya ardhi, inayosema kwamba udongo wote ni mali ya Serikali, wala hauwezi kuuzwa. Tarehe 30 Novemba Rais Mobutu akatangaza kwamba mashamba, maduka na majengo ya wageni yatwaliwe na wenyeji. Watu wakapewa nyumba za Wagiriki, za Wareno, za Wabeleji, wengine kwa barua ya ukurasa mmoja. Mwaka 1976 Serikali yenyewe ikakubali kuwarudishia wageni sehemu ya mali yao. Basi nyumba moja ikawa na barua mbili, na majina mawili, na kila jina lina watoto.

Vita havikuishia hapo. Oktoba 1996 mji uliingiliwa tena. Tarehe 29 ya mwezi ule Askofu wetu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa, na jamaa nyingi zilikimbia bila kuchukua hata kitabu cha ubatizo, sembuse hati ya nyumba. Na Februari 2025 vita iliingia mjini mara nyingine. Kila kimbio huacha nyuma yake ufunguo usio na karatasi, na karatasi isiyo na ufunguo.

Hatusemi haya ili kuwatisha watu. Twasema ili mnunuzi ajue kwamba maswali yake si matusi. Muuzaji mwema hakasiriki akiulizwa: «Baba, wewe uliipata kwa nani? Na yule naye aliipata kwa nani?»

Kusoma hati

Sheria ya mwaka 1973 ingali inatuongoza. Mkongo hapati udongo wenyewe, kwa maana ni wa Serikali. Hupata haki ya kuutumia pasipo mwisho, yeye na warithi wake, na nyumba iliyo juu yake ni mali yake. Mgeni au kampuni hupata haki ya muda tu, miaka 25 au chini yake, inayoweza kuongezwa. Basi anayenunua kwa kampuni aulize kwanza: miaka mingapi imebaki?

Haki hiyo huthibitishwa na kitu kimoja, sertifika iliyoandikwa katika kitabu cha mtunza hati za ardhi. Ikishapita miaka miwili tangu kuandikwa, hati ile haiwezi kupingwa tena. Anayedai kwamba alidhulumiwa anaweza kudai fidia, si nyumba. Hiyo ni nguvu kubwa. Ndiyo maana haifai kuridhika na kopi anayoionyesha komisioneri chini ya mwembe. Nenda mwenyewe kwa mtunza hati, na namba ya kiwanja mkononi. Uliza mambo manne: jina la mwenyewe ni lipi, mipaka ni ipi, je, kuna rehani ya benki au ya mtu, je, kuna kesi iliyoandikwa. Kisha linganisha jina lile na kitambulisho cha yule anayekuuzia.

Katika nyumba za OCA mara nyingi hutakuta sertifika. Utakuta mkataba wa zamani, risiti, karatasi ya komuni. Usizidharau, ni mwanzo mzuri wa njia. Lakini mwanzo si mwisho. Afadhali muuzaji aikamilishe njia hiyo mbele ya kupokea fedha yote, nanyi mwandike hivyo mbele ya noteri.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka nabii Yeremia. Yerusalemu ulikuwa umezingirwa na maadui, naye akanunua shamba kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Alifanya nini? Aliita mashahidi, akapima fedha mbele yao, akaandika hati mbili, moja ya kutiwa muhuri na moja ya wazi, akaagiza ziwekwe katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Ikiwa mtu alifanya hivyo katikati ya vita, sisi tutatoa sababu gani ya kutofanya?

Mama aliyeleta viti

Tunaijua jamaa moja iliyonunua nyumba ya zamani, yenye vyumba vitatu na ua mzuri. Mara tatu walikwenda kuitazama. Kila mara bibi mmoja mzee alitoka chumba cha nyuma, akawaletea viti, akawapa maji. Wao walimsalimu kwa heshima, «Shikamoo, mama», wakadhani ni mpangaji au ndugu wa mbali. Aliyeuza alikuwa kijana wa kwanza wa marehemu mwenye nyumba. Waliandikiana karatasi mbele ya mkubwa wa avenyu, wakalipa akiba yao yote, wakahamia.

Hawakwenda kwa mtunza hati. Walisema watakwenda mwakani, fedha ikipatikana. Mwaka wa pili wakaja watoto wengine wa marehemu, wawili kutoka Goma na mmoja kutoka Uvira. Na yule bibi mzee, ambaye kijana alikuwa amempeleka kukaa kwa shangazi, akarudi pamoja nao. Alikuwa mjane wa marehemu. Mnunuzi akamwuliza: «Mama, mbona hukutuambia?» Akajibu: «Wanangu, hamkuniuliza.»

Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 iko wazi juu ya jambo hili. Watoto wote wa marehemu, wa kiume na wa kike, wanarithi pamoja robo tatu ya mali. Wala mkubwa hana ruhusa ya kuuza peke yake kilicho cha wote. Na mjane au mgane ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyokaa pamoja. Nayo nyumba ya mume na mke, mmoja haiuzi pasipo mwenzake kukubali.

Kesi ile ilikwisha kwa mapatano: wanunuzi walilipa mara ya pili sehemu ya watoto watatu, na mjane akabaki na chumba chake. Likelemba ya miaka kumi ikawa ya kumi na mitano. Twawasikitikia wanunuzi, lakini mzee yule tunamsikitikia zaidi. Aliandikiwa kuondoka katika nyumba aliyoifagia miaka arobaini, na watu wema waliokaa juu ya viti vyake hawakumwuliza jina.

Basi, anayenunua nyumba ya marehemu aombe kuwaona warithi wote, wakae pamoja, watie saini wote. Anayekosa kwa sababu yuko mbali, atume barua iliyothibitishwa. Na yule anayekaa chumba cha nyuma aulizwe kwanza.

Kusoma kuta

Hati zikiwa safi, ndipo kuta zinaposomwa. Usiende peke yako. Mchukue mwashi mzee, umlipe siku yake. Nenda siku ya mvua kubwa, kwa maana mvua haisemi uongo: utaona paa linavuja wapi, na maji ya jirani yanapita wapi. Bukavu ni mji wa milima, na viwanja vingi vya zamani vimekatwa vipande, bustani zimeuzwa, mifereji imezibwa na nyumba mpya. Maji yaliyokosa njia huitafuta chini ya msingi wako. Tena kuna mahali ambapo udongo wenyewe unatembea polepole, kama kule Funu; pale hata ukuta mzuri hauna dawa.

Angalia nyufa. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi la nguvu 5.9 lilitikisa mji huu na Rwanda ya jirani, likaua watu, likapasua nyumba na makanisa. Ufa mwembamba wa lipu si kitu. Ufa unaopanda kama ngazi katika matofali, au unaotoka pembeni mwa dirisha kwenda juu, ni habari nyingine. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu yakupasa kuuliza: imeficha nini? Mlango usiofungika vema huenda umeambiwa na msingi kwamba unahama.

Panda darini. Gonga mbao kwa nyundo. Mbao nzuri hulia, mbao iliyoliwa na mchwa hunyamaza. Tazama bati. Nyumba nyingi za miaka ya 1950 zilifunikwa kwa bati za simenti iliyochanganywa na amianti. Zikiwa nzima na zimetulia, hatari yake ni ndogo. Lakini zikikatwa kwa msumeno au kuvunjwa, vumbi lake huingia mapafuni na kuleta ugonjwa mbaya baada ya miaka mingi. Usiwape vijana wazivunje kwa nyundo. Kuta za zamani zilizojengwa kwa chokaa au udongo nazo zataka dawa yake: ukizipaka simenti ngumu kote, unyevu hufungwa ndani na matofali hulainika. Tengeneza kwa kitu kinachofanana na cha kwanza.

Uliza pia madeni ya maji na ya umeme. Wala usitoe akiba yote siku ya kununua. Nyumba ya miaka 70 itakuomba kitu mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili itakukumbusha.

Mwisho

Huenda msomaji atasema: «Ikiwa taabu ni nyingi hivi, afadhali kupanga mpaka kufa.» Hapana. Wale wa Bagira na Kadutu waliolipa mwezi kwa mwezi hawakukata tamaa, nao waliwaachia watoto wao mahali pa kuzaliwa na mahali pa kulilia wafu wao. Nyumba za zamani zina kuta ambazo leo watu wachache wanaweza kuzijenga. Yafaa zipate wenyewe wapya watakaozitunza, kuliko kuvunjwa ili pasimame orofa tano za vyumba vya kupangisha.

Ila nyumba yenye nyufa na hati safi ni bora kuliko nyumba nzuri yenye hati iliyokatika. Ufa huzibwa na mwashi kwa siku mbili. Hati iliyokatika yaweza kumaliza maisha ya baba na kuanza maisha ya mtoto.

Basi, enyi mnaonunua kwa mara ya kwanza: ulizeni nani aliijenga, nani aliilipia, nani alifukuzwa, nani bado analala ndani. Mkishajibiwa yote, na warithi wote wametia saini, na jina lenu limeandikwa katika kitabu, pokeeni ufunguo kwa furaha. Na jioni ile ya kwanza, toeni viti nje, mwaite majirani.